Mtoto Anayesali kwa Lugha Moja na Kufanya Mtihani kwa Nyingine: Tafakuri Kutoka Ufilipino

Kila mjadala wa elimu unapopamba moto nchini mwetu, wasomi na wanasiasa hukimbilia kutaja nchi zilezile: Finland, Singapore, Japani. Ni mifano mizuri, lakini ni mifano ya watu ambao mazingira yao hayafanani sana na yetu. Ni nadra kumsikia mtu akiitaja Ufilipino. Hii ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 100. Ilitawaliwa na Wahispania kwa zaidi ya miaka 300, kisha Wamarekani kwa takriban nusu karne. Watu wake ni wacha Mungu, huwaheshimu wazee, huishi katika familia pana, na huwapeleka vijana wao ng'ambo kutafuta riziki. Ukiondoa majina ya mahali, mwalimu wa Sengerema au wa Lindi angeweza kudhani anasimuliwa habari za kwao.

Nimesukumwa kuandika haya na insha ya binti mmoja wa Kifilipino, mwanafunzi wa shahada ya uzamili kutoka kisiwa cha Panay, aliyeshiriki semina ninayoiratibu kwa njia ya mtandao. Niliwataka washiriki waandike kuhusu mambo matatu yaliyowalea: shule, imani na mila. Wengi waliandika kama watu wanaojaza fomu. Yeye aliandika kama mtu anayedai haki yake. Amenipa ruhusa kuyatumia mawazo yake bila kumtaja jina, nami nayatumia si kwa kuwa nakubaliana naye katika kila jambo, bali kwa sababu maswali yake yanatuhusu.

Nianze na shule. Anasimulia asubuhi za shule ya serikali: bendera inapandishwa, wimbo wa taifa unaimbwa, kiapo cha uzalendo kinatamkwa, kisha sala. Madarasa yalijaa kiasi kwamba wengine walisoma asubuhi na wengine mchana, wakipokezana madawati yaleyale. Kabla ya mwaka mpya wa masomo, wazazi na wanakijiji walijitokeza kwa hiari yao kupaka rangi, kufyeka majani na kukarabati viti, katika kampeni ya kila mwaka ambayo serikali yao imekuwa ikiiendesha tangu mwaka 2003. Hadi hapo hakuna kigeni. Sisi nasi tunaijua michango, tunaujua msaragambo, tunaijua zamu ya asubuhi na ya mchana.

Jambo linalouma ni lugha. Nyumbani kwao husemwa Hiligaynon. Shuleni masomo ya jamii yalifundishwa kwa Kifilipino, lugha ya taifa iliyojengwa juu ya Kitagalog cha watu wa Manila na maeneo yanayouzunguka. Hisabati na sayansi zilifundishwa kwa Kiingereza. Katika shule moja binafsi aliyohamishiwa baadaye, kila neno la nyumbani lililoponyoka mdomoni lilitozwa faini ya sarafu moja. Anaandika kwamba katika miaka yote ya masomo yake hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza swali la maana kwa lugha anayoiotea ndoto. Mungu alimwomba kwa Hiligaynon, akipiga magoti kando ya bibi yake wakati wa rozari. Lakini akili yake ilipimwa kwa lugha nyingine. Hivyo alikua akiamini kwamba Mungu anaelewa lugha yake na kwamba serikali haiielewi.

Hali hii haikushuka kutoka mbinguni. Katika enzi ya Wahispania, mapadri wengi wa mashirika ya kitawa hawakutaka wenyeji wajifunze Kihispania, maana anayeijua lugha ya mtawala huanza kuzisoma sheria za mtawala. José Rizal, mwandishi aliyepigwa risasi na Wahispania tarehe 30 Desemba 1896, aliliweka jambo hilo katika riwaya yake ya El filibusterismo ya mwaka 1891. Humo wanafunzi wanahangaika kuomba kibali cha kufungua chuo cha Kihispania. Humo pia kuna darasa la fizikia ambamo vifaa vya maabara vimefungiwa kabatini ili wageni wavione, huku wanafunzi wakikariri kitabu. Msomaji wangu ambaye amewahi kufundisha katika sekondari zetu za kata atatabasamu kwa uchungu.

Wamarekani walikuja na mkakati ulio kinyume. Mwaka 1901 meli iitwayo Thomas ilitia nanga Manila ikiwa na walimu wapatao 500, nao wakawafundisha watoto kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mmoja alitawala kwa kuinyima lugha yake, mwingine alitawala kwa kuigawa. Mwaka 1937 Rais Manuel Quezon akatangaza kwamba lugha ya taifa itajengwa juu ya Kitagalog. Hapa Waswahili tutulie kidogo, kwa sababu miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1930, kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki ilianza kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Mombasa na Lamu walinung'unika, kama vile watu wa Visiwa vya Visaya walivyonung'unika.

Mwaka 2012 Ufilipino ilianza kufundisha madarasa ya mwanzo kwa lugha za mama, na mwaka 2013 jambo hilo likaingizwa katika sheria. Oktoba 2024 sheria nyingine ikauondoa utaratibu huo. Lugha ya mama ikabaki kuwa hiari katika madarasa ambayo watoto wote husema lugha moja. Sababu zilizotolewa ni uhaba wa vitabu, walimu wasioandaliwa, na mchanganyiko wa lugha katika darasa moja. Sababu hizo si za kupuuzwa. Lakini kuna waliokwenda mbali zaidi wakaitwisha lugha ya mama lawama za kufeli kwa watoto. Hao nawapinga. Katika upimaji wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2018, Ufilipino ilishika nafasi ya mwisho katika kusoma miongoni mwa nchi na maeneo yapatayo 80. Waliopimwa walikuwa na umri wa miaka 15. Walikwisha kupita madarasa ya mwanzo kabla ya mwaka 2012. Walikuwa ni zao la Kiingereza na Kifilipino. Mtuhumiwa hakuwa hata eneo la tukio.

Binti huyu hakuishia kulaumu Kiingereza. Alisema pia kwamba Kifilipino, kinachosifiwa na wasomi wa Manila kuwa ni lugha ya ukombozi, kwake kilikuwa lugha ya wengine. Nilipoifikia aya hiyo nilifikiria watoto wa Sengerema. Sisi tunajivunia, na kwa haki, kwamba Kiswahili kimetuunganisha. Lakini mtoto wa Kisukuma anayefika darasa la kwanza akiwa hajui Kiswahili hukutana na ukimya uleule, na akishakivuka Kiswahili kwa miaka saba hukutana na Kiingereza sekondari, akaanza upya kuwa bubu. Yeye huvuka mito miwili. Nasi tuliozaliwa ng'ambo ya mto wa kwanza humwambia kwamba mto huo haupo.

Nije kwenye imani. Karibu Wafilipino 8 kati ya kila 10 ni Wakatoliki, na Waislamu, ambao wengi wao wako Mindanao na Visiwa vya Sulu, ni asilimia 6 hivi. Mwandishi wetu anaeleza kwa mapenzi ibada za alfajiri za kungojea Noeli, zinazoanza tarehe 16 hadi 24 Desemba. Watu huamka usiku wa manane, wakatembea gizani kwenda kanisani, taa za umbo la nyota zikining'inia madirishani. Wakitoka hununua vitumbua vya mchele vya moto kando ya kanisa. Wengi huamini kwamba anayezimaliza alfajiri zote tisa, ombi lake litajibiwa. Wakulima wa zamani walisali mapema ili wawahi shambani, na hata leo ibada hiyo ina harufu ya jasho na ya mkaa.

Anaeleza pia desturi ya kupeleka kalamu kanisani ili zibarikiwe kabla ya mitihani mikubwa. Sikumcheka. Nimewaona wanafunzi wetu wakiombewa viwanjani kabla ya mtihani wa kidato cha nne, na wengine wakisomewa dua. Shida haiko kwenye maombi. Shida ni pale ambapo taifa zima linakubali kwamba mtihani ni jambo la bahati na muujiza kiasi cha kuhitaji maombi kuliko vitabu. Mtoto anayebeba kalamu iliyobarikiwa kwenda kwenye darasa lisilo na mwalimu wa fizikia amefanya sehemu yake. Nani hajafanya ya kwake?

Katiba ya Ufilipino ya mwaka 1987 inatenganisha kanisa na dola, na papo hapo inaruhusu dini kufundishwa katika shule za umma ndani ya saa za masomo, iwapo mzazi ameridhia kwa maandishi, na bila serikali kutozwa gharama ya ziada. Tangu miaka ya 2000 watoto Waislamu katika shule nyingi za umma hufundishwa Kiarabu na maadili ya Kiislamu. Ni utaratibu unaokaribiana na wetu, ambapo kipindi cha dini huachiwa mashehe, mapadri na wachungaji. Naupenda kwa sababu mzazi huulizwa. Lakini mtoto je? Binti huyu anasema kwamba katika kipindi hicho alijifunza majibu yote na hakuruhusiwa swali hata moja. Alipomuuliza katekista kwa nini kimbunga kiliangusha kanisa na kuacha jumba la kamari, aliambiwa akae chini.

Wakati huohuo, historia ya nchi yake ina mtoto aliyeuliza akasikilizwa. Tarehe 18 Januari 2015 Papa Francis alikutana na vijana katika Chuo Kikuu cha Santo Tomas, Manila, chuo kilichoanzishwa mwaka 1611. Msichana wa miaka 12, aliyewahi kuishi mitaani, alimuuliza kwa nini Mungu anaruhusu watoto wapatwe na mabaya, na kwa nini watu wanaowasaidia ni wachache. Akashindwa kumaliza kwa kilio. Papa aliiweka kando hotuba aliyoandaliwa, akasema kwa Kihispania chake cha nyumbani kwamba binti huyo ameuliza swali lisilo na jibu, na kwamba kuna mambo ambayo huonekana tu kwa macho yaliyooshwa na machozi. Wanatheolojia wanaweza kubishana juu ya hilo. Mimi, kama mwalimu, naona somo la ufundishaji: mkubwa wa kanisa alikiri mbele ya maelfu kwamba swali la mtoto limeizidi hotuba yake. Ni walimu wangapi, wa dini au wa hisabati, wanaothubutu?

Kanisa hilohilo miongo sita kabla yake lilikuwa limeonyesha uso mwingine. Mwaka 1956 Seneta Claro Recto alipounga mkono sheria ya kuwalazimisha wanafunzi wote wasome maisha na riwaya za Rizal, viongozi wengi wa Kanisa Katoliki walipinga, kwa kuwa Rizal aliwaumbua mapadri wakoloni. Sheria ilipita kwa maafikiano: mwanafunzi aweza kuomba asamehewe kusoma matoleo kamili kwa sababu za imani, lakini somo lenyewe halikwepeki. Nayaona maafikiano hayo kuwa ya hekima. Dhamiri ya mtu iliheshimiwa, na taifa halikunyimwa kumbukumbu yake. Imani iliyohofia kitabu mwaka 1956 bado iko hai leo, na makanisa yanajaa. Kitabu hakikuiua.

Jambo la tatu ni mila, na hapa ndipo ninapotofautiana na mwandishi wetu kwa kiasi fulani. Anaanza na salamu. Mtoto wa Kifilipino akimkuta mzee huuchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji lake la uso, na mzee humwombea baraka. Sisi tuna shikamoo, na watoto wa pwani bado huwabusu wakubwa mikono. Kisha anazungumzia deni la utu: ukitendewa wema mkubwa, unabeba wajibu usiolipika kwa fedha. Ni fadhila nzuri inayofunga jamii. Lakini anakiri mwenyewe kwamba deni hilo ndilo wanasiasa wa kwao hulivuna. Aliyelipia mazishi ya baba yako, utamnyimaje kura? Siasa za koo chache zinazorithishana viti hustawi katika udongo huo. Sina haja ya kuvuka bahari kutafuta mifano; kanga na kilo za sukari za msimu wa uchaguzi tunazifahamu.

Baada ya hapo anafika kwenye jambo zito zaidi. Katika milima ya kati ya Panay wanaishi Wapanay Bukidnon, wenye tenzi ndefu za kishujaa zinazoimbwa kwa usiku mwingi. Waliozihifadhi zaidi ni mabinti waliochaguliwa tangu utotoni kufichwa ndani, wasiguswe na jua wala macho ya wageni, huku wakifundishwa tenzi na ngoma na wakubwa wao. Mabinti hao waliitwa binukot. Shule ilipopanda mlimani, desturi hiyo ikaanza kufa, na pamoja nayo tenzi. Mwandishi wetu anaona huo ni wizi: shule imeinyang'anya milima maktaba yake. Analinganisha na bibi yake mwenyewe, mjuzi wa dawa na hadithi, ambaye shuleni alitajwa tu kama mfano wa ushirikina.

Nampa haki yake, lakini sikubaliani naye moja kwa moja. Binti aliyefichwa ndani alikuwa maktaba, ni kweli. Alikuwa pia mfungwa ambaye hakuulizwa kama anapenda kuwa maktaba. Mila inayohitaji mtoto asilione jua ili idumu haina haki ya kudumu kwa njia hiyo. Nasi tuna mila zetu, baadhi zikiwatoa mabinti darasani kwenda unyagoni na kutoka unyagoni kwenda kwa mume, na hatuwezi kuzitetea kwa jina la urithi. Hata hivyo, kuukomboa mwili wa binti hakukulazimu kuuzika utenzi wake. Mwaka 2000 serikali ya Ufilipino ilimtunuku Federico Caballero wa Calinog, mwimbaji wa tenzi hizo, hadhi ya hazina hai ya taifa, na zimekuwapo nyumba za kufundishia ambamo wazee huwafundisha vijana wa kike na wa kiume mchana kweupe. Hiyo ndiyo njia. Utenzi umetoka chumbani, na binti naye ametoka.

Inabaki hoja moja ambayo insha yote inaizunguka bila kuitamka wazi, nami nitaitamka. Shule ya Ufilipino, kwa kiasi kikubwa, imegeuka lango la kutokea. Takriban Wafilipino milioni 2 hufanya kazi nje kwa mikataba, wengi wao Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba, wakiwa wauguzi, mabaharia na watumishi wa nyumbani. Kiingereza kinatetewa bungeni kwa hoja hiyohiyo: kinauzika. Mwandishi wetu alilelewa na bibi kwa sababu mama yake alikuwa akilea watoto wa watu wengine jangwani. Mabinti wetu nao wako Oman na Saudi Arabia, jikoni kwa jikoni na Wafilipino, tofauti kubwa ikiwa kwamba wenzao serikali yao imewahi kuwajengea chombo cha kuwafuatilia na kuwatetea.

Sidharau fedha hizo. Zimesomesha watu, akiwamo mwandishi wa insha hii. Ninachohoji ni taifa linalopima ubora wa shule kwa idadi ya wanaoondoka. Mwanahistoria Renato Constantino alilalamika katika miaka ya 1960 kwamba elimu ya Kimarekani ilimfundisha Mfilipino kujitazama kwa macho ya mtu mwingine. Muongo huohuo, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea akionya dhidi ya shule inayomng'oa mtoto kijijini na kumwachia dharau kwa wazazi wake. Watu wawili, bahari moja katikati yao, onyo moja. Nchi zote mbili ziliwasifu na kuendelea na safari.

Tufanye nini? Mosi, wakuza mitaala wakubali kwamba lugha ya nyumbani si adui wa Kiswahili wala wa Kiingereza. Sidai vitabu vya fizikia kwa lugha zaidi ya 100. Nadai mwalimu wa darasa la kwanza aruhusiwe, bila hofu ya mkaguzi, kumweleza mtoto kwa lugha anayoielewa, na vibao vya shingoni vya kumwadhibu aliyetamka neno la nyumbani vitupwe jalalani. Pili, kipindi cha dini kiwe na nafasi ya swali. Viongozi wa dini wanaotuma walimu mashuleni wawaandae kusikiliza, maana imani isiyoulizwa shuleni huulizwa baadaye mitandaoni, na huko wanaojibu si wachungaji wema. Tatu, halmashauri zitenge fungu, hata dogo, la kuwalipa wazee wajuzi waje shuleni kufundisha tenzi, ufinyanzi, utabibu wa mitishamba na historia za koo. Mzee akilipwa kama mwalimu, mtoto humwona kuwa mwalimu.

Mapendekezo hayo hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Yanahitaji kukubali kwamba mtoto huingia darasani akiwa tayari amefundishwa mengi: na mama, na bibi, na mnara wa kanisa au wa msikiti. Shule inayomtaka ayaache mlangoni yote hayo itampata akiwa mtupu, kisha itamlaumu kwa utupu wake. Binti wa Panay amefika shahada ya uzamili, na bado anadai aulizwe swali moja kwa Hiligaynon. Wako wangapi miongoni mwa wanafunzi wetu wanaodai kitu hichohicho, ila hawana lugha ya kutudai kwayo?